Unga wa Ulezi Kwenye Rejeta

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri, ingawa mke wangu anacheka kila akiitazama, kwa sababu anajua kwamba katika maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kumaliza gari kwa saa niliyomwahidi mwenye gari. Mlinitaka pia niseme machache. Nikasimama, nikashukuru, nikakaa. Maneno yalianza kunijia nikiwa njiani kurudi nyumbani, na hayajakoma mpaka leo. Basi nimeona niyaandike, nyinyi vijana mliobaki gereji mtayasoma mkiwa mnasubiri spea.

Sitawaandikia habari za vyeo. Vyeo havikunitafuta sana, nami sikuvisumbua. Nitawaandikia habari za maji, maana nikipima maisha yangu ya kazi naona nusu yake nimeitumia nimelala chali chini ya gari, nikisubiri tone.

Nilianza kwenye karakana ya serikali hapa hapa Sumbawanga. Ilikuwa mwezi wa sita, na nyinyi mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita, spana ukiishika asubuhi unatamani kuvaa glavu. Nilikuja nimefua ovaroli mpya, nimejiandaa kufungua injini. Fundi mkuu, Mzee Polikarpo, aliniangalia kuanzia juu hadi chini, kisha akanipa kipande cha boksi. Akaniambia nikitandike chini ya gari la idara ya maji, nilale, nisubiri tone lianguke, nimwambie linatoka wapi. Nililala pale mpaka mgongo ukafa ganzi.

"Baba, linavujia mbele," nilimwambia nilipotoka.

"Mbele ndiyo wapi? Hata Msanzi ni mbele ukiwa unaelekea huko. Rudi chini."

Nikarudi chini. Ndivyo alivyofundisha. Hakuwa na hasira, lakini hakuwa na haraka pia, na mtu asiye na haraka anaweza kukutesa kuliko mwenye hasira. Nilimpenda tangu wiki ile, ingawa nilichelewa kujua.

Kwake nilijifunza kwamba tone haliangukii chini ya tundu. Feni inalipuliza nyuma, linatambaa kwenye chuma, linakwenda kudondokea mahali pasipo na kosa lolote. Kwa hiyo kwanza futa pote pakauke. Kisha ponda chaki, nyunyiza vumbi lake kwenye maungio ya mipira, kwenye pampu ya maji na mshono wa chini wa rejeta, halafu washa gari usubiri. Maji yataacha njia yake kwenye vumbi na utaifuata kurudi nyuma hadi yalikotoka. Tafuta asubuhi gari likiwa la baridi, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka na kuficha tundu. Ukikuta zulia la ndani limelowa, usikimbilie kumtisha mwenye gari. Shika maji yale kwa vidole. Yakiteleza na kunukia utamu kidogo, ni hita inavuja. Yakiwa maji tu, ni mvua, na ukifungua chini ya kioo cha mbele utakuta majani ya mkaratusi yameziba kitundu cha kutolea maji. Kizibue kwa unyoya wa kuku. Kuna mwalimu mkuu mmoja alikuwa anaendesha amevaa viatu vya mpira masika nzima, na alikuwa ameshatangaza kuliuza gari lake kwa sababu aliambiwa limeoza. Jogoo wake mwenyewe ndiye aliyetoa unyoya, bila hiari.

Kanuni moja Mzee Polikarpo aliirudia mpaka tukawa tunaisema pamoja naye: mwenye gari usimwambie, mwonyeshe. Alisema ukimwambia mtu gari lake lina nini atabishana nawe, atakutajia shemeji yake aliye dereva. Ukimwonyesha, atanyamaza, na akinyamaza unaweza kuendelea na kazi.

Sasa nifike kwenye ulezi.

Ile ilikuwa miaka ya kukosa. Risasi ya kuchomelea hakuna, mpira wa rejeta hakuna, gundi hakuna. Ukiagiza pampu ya maji unaweza kuoa na kupata mtoto kabla haijafika. Lakini ulezi Ufipa hatujawahi kukosa. Mzee Polikarpo alikuwa na kimfuko cha kitambaa alichoshonewa na mkewe, Mama Adelina, na ndani yake kulikuwa na unga wa ulezi uliochekechwa vizuri. Rejeta ikivuja alifungua kifuniko, akamimina kiganja kimoja cha unga, akaiacha injini ingurume. Unga unavimba, unazunguka na maji, unalitafuta tundu, unakaa hapo. Alisema wa mahindi haufai, unafanya mabonge. Kila karakana ina dawa yake ya kienyeji, na yetu ilikuwa hiyo.

Na ilifanya kazi, tusidanganyane. Magari ya serikali yalikwenda mpaka mpakani na kurudi yakiwa na uji tumboni. Uwanda wetu ni wa baridi, safari zilikuwa fupi, mizigo ilikuwa mafaili, maafisa na mara nyingine wagonjwa, kwa hiyo injini haikupata kazi ya kuichemsha. Tuliofundishwa naye tulitoka tukiwa tunaamini unga ule kama tunavyoamini spana. Kila mmoja wetu alikuwa na kimfuko chake.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungua biashara. Maduka yaliyokuwa yanauza kiberiti na chumvi tu yakaanza kujaa, magari yaliyotumika Ujapani yakaanza kupanda mpaka huku kwetu, na spea zikaanza kuning'inia madukani kwenye mifuko ya nailoni. Wakati huo huo karakana yetu ikapunguza watu. Mimi nilitoka nikiwa bado na nguvu. Nikafunga boksi la spana kwenye baiskeli, nikawa fundi wa kwenda majumbani, miaka mingi kabla ya kuja kwenye gereji yenu. Magari ya watu binafsi yalilala uani, kando ya jiko, na mara nyingi ilibidi nimwondoe kuku kwanza kwenye kiti cha dereva.

Mzee Polikarpo naye alipunguzwa, akiwa amebakiza miaka michache kustaafu. Kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye pikapu moja ya Kijapani. Shamba lake la Mollo alikuwa ameshaligawia watoto. Akaanza kupeleka maharage na viazi bondeni Mtowisa, akirudi na mchele. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na gari lake mwenyewe, na nilikuwa namwona mjini akilifuta kwa kitambaa mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Nilifurahi kumwona hivyo.

Msimu wa mavuno uliofuata, Mama Adelina alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa kwenye kiti nilichompa, alisimama mlangoni ameshika kitenge chake.

"Kizito mwanangu, baba yako siku hizi akirudi bondeni haongei. Gari linakunywa maji kuliko ng'ombe. Nimemwambia akuite, anasema fundi haiti fundi."

"Nitakuja kumsalimia, mama."

"Usije kumsalimia. Nenda naye safari. Ile pikapu ndiyo shamba letu, ndiyo watoto wetu uzeeni. Ikifa ile, Kizito, hatuna kingine. Na usimwambie kwamba nilikuja."

Nikaenda. Nilimdanganya mzee kwamba nataka mchele wa kumpelekea mke wangu, akafurahi kupata mtu wa kuongea naye. Kuteremka kulikuwa kuzuri. Mtu wa kwetu akishuka bonde lile huvua sweta katikati ya mlima, na akifika chini anatafuta cha kuvua kingine. Pikapu ilishuka kwa gia ndogo, haikusema kitu. Tulishusha maharage, tukapakia mchele, tukalala, na asubuhi tukaanza kurudi.

Tulikuwa hatujafika hata chini ya mlima, sindano ya joto ikasimama wima. Mvuke ukatoka kwenye boneti. Mzee akazima injini, akakaa ameshika usukani, hakunitazama.

Tulisubiri ipoe. Kisha nikachukua gunia lililoloweshwa, nikalifunika juu ya kifuniko cha rejeta, nikakizungusha taratibu, uso nimeugeuzia pembeni. Nanyi fanyeni hivyo hivyo siku zote, nimeona watu walioungua. Kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa kitu cha kahawia, kizito, chenye chembe, na harufu yake niliijua tangu utotoni. Ilikuwa harufu ya uji wa ulezi ulioungulia sufuria.

Niliuelewa ugonjwa wote palepale. Kila safari tundu lilivuja, kila safari aliongeza unga. Ule uji uliokuwa ukikaa kimya kwenye baridi yetu, huku bondeni, gari likiwa limejaa mchele na mlima uko mbele, ulikuwa unaiva, unashika kwenye mirija, na kuifunga mmoja mmoja. Tundu halikuwa tena tatizo. Dawa ndiyo ilikuwa inaiua injini.

"Bado kuna tundu," alisema Mzee Polikarpo. Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kile kimfuko, kilekile, akamimina kiganja kimoja.

Sikusema kitu. Mtanilaumu, lakini ningesema nini? Yule ndiye aliyenifundisha kushika spana. Kumwambia mzee wa watu kando ya barabara, jua linawaka, mali yake yote imepakiwa pale, kwamba anaiua kwa mkono wake mwenyewe, na kwa elimu aliyotupa sisi sote!

Wakati tunahangaika akatokea Masanja na mkokoteni wake wa ng'ombe. Masanja ni mfugaji aliyehamia bonde lile na familia yake kutoka Usukuma, na mzee alikuwa akinunua mchele kwake. Akasimamisha ng'ombe, akanusa hewa.

"Mwangaluka! Shikamoo mzee. Mbona gari lako linanukia hivyo?"

"Marahaba. Limepata joto tu."

"Joto gani hilo, mzee? Hilo limeiva kabisa. Epueni, mimi nilete maziwa."

Alicheka peke yake. Alipoona hatucheki akaacha, akafungua ng'ombe wake bila kuombwa, akatufungia kamba, tukakokotwa mpaka kwenye kivuli cha boma lake. Tulimwachia nusu ya mchele atutunzie, akatujazia madumu yote ya maji. Niliwahi kusikia watu wa mjini wakiwasema vibaya wageni wale wa bondeni. Mimi nikisikia hivyo huwa naondoka, kwa sababu nakumbuka kamba ile.

Mlima tuliupanda hivi. Nilimwomba mzee afungue hita mpaka mwisho, maana hita ni rejeta ndogo, inaiondolea injini joto na kulileta ndani. Fikirieni wanaume wawili ndani ya kabini, nje jua la bonde, ndani hita imefunguliwa, jasho linatiririka hadi kwenye soksi. Kila kona yenye kivuli tulisimama, tukaacha injini ingurume polepole, nikaongeza maji kidogo kidogo. Maji ya baridi usiyamwage kwa pupa kwenye injini ya moto, utaipasua hedi, kichwa cha injini. Kila sindano ilipopanda, midomo ya mzee ilicheza, nadhani alikuwa akisali. Tulipofika juu na upepo wa kwetu ukatupiga usoni, alisimamisha gari, akateremka, akashika boneti kwa viganja viwili kama mtu anayempima mtoto homa.

"Kizito," akasema bila kugeuka, "kesho njoo Mollo. Njoo na vifaa."

Basi fundi alikuwa amemwita fundi. Usiku ule nilimweleza mke wangu, naye akaniuliza nitamwambiaje.

Asubuhi nilimkuta ameshaegesha pikapu uani, ametoa kigoda, amekaa. Nilipomwamkia aliitikia marahaba kwa sauti ndogo. Alitaka niangalie pampu. Alisema pampu, kisha akasema themostati, kisha akasema labda mafuta ya siku hizi si kama ya zamani. Nikasema tuanze na rejeta, maana ndiyo iko mbele. Akatabasamu kidogo akakumbuka boksi lile la siku yangu ya kwanza. Nilimwaga maji, nikafungua mipira, nikaitoa rejeta na kuilaza kwenye gunia. Halafu nikawasha stovu ya kuchomelea, nikayeyusha risasi pembeni mwa tanki la juu, na nikalinyanyua lote.

Nilitazama ndani mara moja tu. Kisha nikaiweka mbele ya kigoda chake, juani, uwazi ukimwelekea.

"Baba, nanawa mikono, narudi sasa hivi."

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Nilinawa mikono, nikanawa tena mpaka viwiko, nikasugua kucha moja moja. Mama Adelina alikuwa mlangoni mwa jiko akinitazama bila kuuliza. Sijawahi kuwa safi namna ile siku ya kazi.

Niliporudi, mzee alikuwa amevaa miwani. Alikuwa ameokota kijiti, anachokonoa midomo ya mirija. Mingi ilikuwa imezibwa kwa kitu cha kahawia kilichokauka kikawa kigumu. Akakivunja kipande, akakisaga kwa vidole, akakinusa.

"Hii ni kazi ya mkono wangu," akasema.

Nikachuchumaa kando ya kigoda chake.

"Magari mangapi, Kizito? Na nyinyi wote niliowafundisha?"

"Wakati ule hakukuwa na risasi, baba. Hakukuwa na mpira wala gundi. Bila unga wako magari yale yangelala porini na wagonjwa ndani yake. Mimi nilikuwepo, niliona."

Nilimwambia hivyo kwa sababu ni kweli, wala si kwa kumpoza. Akatikisa kichwa polepole. "Wakati ule," akasema. Akarudia tena, "Wakati ule." Kisha akavua miwani. "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu bondeni. Kifuniko kilipofunguka."

"Na mlima wote ule ukaninyamazia? Hita imefunguliwa?"

"Ulitufundisha mwenye gari tusimwambie, baba. Ulisema tumwonyeshe."

Alinitazama. Nilidhani atanifukuza. Midomo ikaanza kucheza kama kule mlimani, halafu kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka. Baadaye aliyafuta kwa kitambaa cha kufutia gari, na sidhani kama yote yalikuwa ya kicheko. Nami nilikuwa nalia, nilitazama upande wa migomba.

Ilibaki hofu moja, na wote wawili tuliijua. Injini iliyochemka mara nyingi namna ile huweza kuvunja gasketi, maji yakaingia kwenye oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kusafisha rejeta hakusaidii kitu. Mzee alisogea kwenye injini, akanyoosha mkono kwenye stiki ya oili, akaurudisha.

"Toa wewe," akaniambia.

Nikaitoa, nikaifuta, nikaichovya tena, nikaitoa na kuishika juani. Nikafungua na kifuniko cha oili juu ya injini, nikapitisha kidole chini yake.

"Nyeusi," nikasema.

"Nyeusi kabisa?"

"Nyeusi, baba. Hakuna maziwa."

Mama Adelina alikuwa amefika nyuma yetu bila sisi kumsikia. "Nyeusi ni nzuri au mbaya?" akauliza.

"Ni nzuri, mama."

Akakaa chini palepale, kwenye vumbi, na kitenge chake kisafi.

Kazi iliyobaki mnaijua. Tulisaga vipande vya msumeno wa chuma vikawa vyembamba, vikapitishwa kwenye kila mrija, vikasukumwa na kuvutwa mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili. Mirija aliichokonoa yeye mwenyewe, hakuniachia hata mmoja. Tundu lenyewe, lile la mwanzo kabisa, lilikuwa dogo mno kwenye mshono wa chini. Nililiziba kwa risasi ya dukani kwa muda mfupi kuliko niliotumia kunawa mikono. Pikapu ile ilishuka na kupanda bonde kwa miaka, na mchele tuliouacha kwa Masanja tuliukuta wote. Wiki iliyofuata mzee alizunguka mjini kwa miguu, kwa kila aliyewahi kumfundisha, akawaambia waache unga. Wengine walibishana naye. Aliwaalika Mollo akawaonyesha kipande kilichotoka kwenye rejeta yake, ambacho alikihifadhi dirishani. Siku hizi mnauziwa vikopo vya kuziba rejeta vyenye picha nzuri. Vitumieni kufika nyumbani ikibidi, kisha fungueni rejeta mwangalie.

Lakini nirudi siku ile ya Mollo. Tulipomaliza kuunganisha na gari likanguruma bila kupandisha sindano, mzee aliingiza mkono chini ya kiti, akatoa kimfuko. Alikishika kidogo, kisha akampa mkewe.

"Pika," akasema.

"Huu? Umekaa kwenye gari tangu lini?"

"Pika, mama Adelina. Uingie mahali pake."

Akaupika wote, tukaketi watatu uani, mbele ya pikapu, kila mtu na bakuli lake. Uji ule ulikuwa unanukia petroli kwa mbali. Mzee Polikarpo aliomba aongezewe.